Chai ya Tangawizi Ndani ya Friwili

Katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, mpenda baiskeli wa kweli huwa na baiskeli mbili: moja nzuri ya kiangazi, ambayo huitundika ukutani ifikapo Novemba, na nyingine kuukuu ambayo huitoa sadaka kwa chumvi. Chumvi hiyo humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, nayo hula cheni, nyaya, nati na fremu bila ubaguzi, kwa hiyo hakuna mwenye akili timamu anayeipitisha humo baiskeli ya bei kubwa. Mimi sikuwa na ile nzuri. Nilianzia moja kwa moja kwenye sadaka.

Niliinunua kwa dola 40 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama na ambaye, nikikumbuka sasa, alipokea fedha zile kwa haraka isiyo ya kawaida. Ilikuwa baiskeli ya milimani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, nyuma haina springi yoyote, na mbele ina foku ambayo badala ya springi ilitiwa vipande vya mpira. Mpira ule ulikuwa umezeeka hadi kuwa ugoro, na hata ungekuwa mpya ungegeuka jiwe kwenye baridi ya Januari, hivyo nikaing'oa foku nzima na kuweka ngumu ya chuma. Kazi hiyo ilikwenda vizuri sana, jambo ambalo lilinipa picha ya uongo kuhusu kazi zilizobaki.

Bomba la kiti lilikuwa la alumini, nalo lilikuwa limekaa ndani ya fremu ya chuma kwa muda wa miaka mingi ya jasho na maji ya chumvi. Metali hizo mbili zikilowana pamoja, alumini huota kutu nyeupe inayodai nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, na matokeo yake bomba na fremu hufunga ndoa isiyo na talaka. Nilijaribu mafuta ya kupenya, yakapenya kila mahali isipokuwa pale. Nilijaribu nyundo. Kisha nikasoma kwamba amonia huilegeza kutu ya alumini, nikaipindua fremu ndani ya bafu na kumimina amonia ya kusafishia madirisha, nikafunga mlango na kwenda kusubiri sebuleni kwa utulivu wa mwanasayansi. Mke wangu aliporudi kutoka kazini alisimama kwenye korido, kitambaa puani, akauliza kwa sauti ya upole iliyonitisha zaidi kuliko makelele: "Baba Asha, nani amefia bafuni?"

Hatimaye niliibeba fremu hadi kwenye karakana moja ya mtaani ambako watu wa kujitolea huazimisha vifaa. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alilitazama bomba lile, hakusema neno, akalibana kichwa kwenye jiliwa, kisha akaniagiza nishike fremu upande mmoja naye akashika upande wa pili, tukaanza kuizunguka meza tukitumia baiskeli nzima kama mpini wa spana. Bomba lilipiga ukelele ambao uliwafanya watu wote waache kazi, kisha likasalimu amri. Mzee akaniambia, bila kutabasamu, kwamba sasa ninaweza kuanza.

Niliamua kuitoa gia zote na kubakiza meno 32 mbele na 16 nyuma, kwa sababu gia nyingi katika majira ya baridi ni mitego mingi ya barafu. Hapo ndipo nilipofika nyumbani kwangu kiufundi. Friwili ya gia moja, ile inayoskurubiwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kulia trrr unapoacha kukanyaga, ni ileile ya baiskeli za Phoenix zilizonilea Shinyanga, chini ya mwarobaini ambako baba yangu mdogo hutengeneza baiskeli zilizobeba magunia ya mkaa mazito kuliko uzito ambao kiwanda kingeweza kuuota. Nikampigia simu ya video.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Sogeza simu nione hiyo friwili. Aa, hiyo ni ndugu yangu! Ifungue."

Kifuniko cha friwili hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kufungia, jambo ambalo nililijua, na ndani yake mna gololi ndogo ndogo zisizopenda kufunguliwa, jambo ambalo nililikumbuka zilipokuwa tayari zinaviringika chini ya kabati. Baba mdogo alizihesabu pamoja nami kupitia simu, akiwa na subira ambayo huko nyuma, nilipokuwa mwanafunzi wake, hakuwahi kunionyesha. Katikati ya kuzitafuta nilimsimulia jinsi baiskeli za milimani zilivyoanza: kwamba mwaka 1976 huko Marin County, California, vijana walishindana kuteremka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyagia nyuma, na breki hiyo ilipata moto kiasi kwamba grisi ya ndani ya habu ilitoka kwa moshi, ikabidi habu ijazwe grisi upya baada ya kuteremka, ndiyo maana mashindano yenyewe yakaitwa Repack, yaani "jaza upya".

"Unaona?" alisema baba mdogo, akiwa ameridhika kabisa na historia hiyo. "Tatizo la baiskeli duniani kote ni grisi kidogo. Jaza, mwanangu. Jaza mpaka friwili ikuombe radhi."

Nikaijaza grisi nzito, ya magari, hadi vile vijino viwili vyenye springi, ambavyo huruka na kukamata meno ya ndani ili pedeli isukume gurudumu, vikazama visionekane. Friwili ikaacha kulia trrr, ikawa inanong'ona. Tuliuona ukimya huo kuwa dalili ya ubora.

Matairi ya barafu yalinigharimu mara tatu ya bei ya baiskeli. Yana vijiti vigumu vya tungsteni kabidi vinavyong'ata barafu, na watengenezaji hushauri kwamba yaendeshwe kwanza kwa makumi ya kilomita kwenye lami tupu ili vijiti vikae sawasawa, ushauri ninaouunga mkono, ingawa mlio wake kwenye lami humfanya kila mpita njia ageuke kutafuta kinachokaangwa. Baiskeli ilipokamilika niliilaza sebuleni, karibu na kipasha joto, kwa sababu sikuona ni kwa nini kitu nilichokihangaikia kiasi kile kilale nje.

Asubuhi ya safari kipimajoto kilionyesha 13 chini ya sifuri kwa kipimo cha Wamarekani, yaani nyuzi 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha watu wengine wote. Nilivaa nguo nilizonazo, nikaweka mgongoni chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi, iliki na sukari ya kutosha, nikateremka hadi Midtown Greenway. Hiyo ni njia ya baiskeli ya takriban kilomita 9 inayopita ndani ya handaki la wazi la reli ya zamani, lililochimbwa kati ya 1912 na 1916 ili treni zipite chini ya barabara za mji. Jiji hulikwangua theluji mapema, na ukiwa humo chini huoni gari hata moja. Ubaya wake ni kwamba ukipatwa na jambo, njia za kupandia juu ziko mbalimbali.

Kwa robo saa ya kwanza nilikuwa mfalme. Vijiti viling'ata, cheni ilikuwa kimya, na mvuke wa pumzi yangu uliganda kwenye nyusi hadi nikawa naona dunia kupitia pazia. Kisha skafu ilinivuka, nikaacha kukanyaga kwa sekunde chache ili niirekebishe. Nilipokanyaga tena, miguu ilizunguka bure. Pedeli ilienda, cheni ikaenda, gurudumu likabaki na mawazo yake. Vile vijino vilikuwa vimelala wakati nilipoacha kukanyaga, na grisi, iliyokuwa imegeuka nta, haikuona sababu ya kuviruhusu kuamka.

Nilivua glovu, nikampigia baba mdogo. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, kwake saa kumi jioni.

"Baba mdogo, friwili haikamati. Kuna baridi."

"Baridi kiasi gani?"

"Nyuzi ishirini na tano."

"Ishirini na tano! Mwanangu, hapa tuna thelathini na mbili. Hiyo ndiyo baridi?"

"Chini ya sifuri, baba mdogo."

Palikuwa na kimya ambacho nilidhani ni cha mtandao. "Mwanangu," alisema hatimaye, "samaki wa Mwanza wanaosafirishwa nje hugandishwa kwa kumi na nane. Ipashe moto hiyo friwili, halafu na wewe mwenyewe u—" Hapo betri ya simu, ambayo dakika moja kabla ilikuwa zaidi ya nusu, iliona vema kufa kwa baridi.

Agizo lilikuwa limetolewa, na mimi ni mtu niliyelelewa kutii wakubwa. Katika handaki lote lile kitu kimoja tu kilikuwa na moto. Nikailaza baiskeli ubavu, nikafungua chupa, na kwa uangalifu mkubwa nikaimiminia friwili kikombe kizima cha chai. Ulipanda mvuke wenye harufu ya sikukuu. Alitokea mwanamke aliyekuwa akikimbia na mbwa wake, na mbwa akakataa katakata kuondoka, akinyoosha ulimi kuelekea kwenye chuma, huku mwenyewe akimvuta kwa mkono mmoja na kuniuliza kwa heshima kama ninahitaji msaada. Nilimjibu kwamba ninaipa baiskeli chai. Alitikisa kichwa kama aliyepata jibu la kawaida, akamburuta mbwa wake wakaenda. Watu wa Minnesota wana adabu inayoweza kumuumiza mtu.

Lakini dawa ilifanya kazi! Grisi ililainika, vijino vikaruka, friwili ikalia trrr kwa mara ya kwanza tangu nilipoijaza. Niliondoka mbio, nikikanyaga bila kupumzika ili nipate joto, na sikuacha kukanyaga hata kidogo hadi nilipolikaribia Daraja la Martin Olav Sabo, lile daraja la nyaya la waenda kwa miguu na baiskeli lililofunguliwa mwaka 2007 juu ya barabara ya Hiawatha. Nililipanda kwa furaha. Kileleni nikaketi vizuri, nikaacha kukanyaga ili niteremke kwa raha.

Pedeli hazikuacha. Zilinirusha kutoka kwenye kiti, zikanirudisha, zikaendelea kuzunguka na miguu yangu juu yake. Chai ya maziwa iliyomiminwa ndani ya chuma chenye nyuzi 25 chini ya sifuri huganda haraka, na kwa kuwa nilikuwa nakanyaga muda wote, ilivigandisha vijino vikiwa vimekamata. Nilikuwa sasa naendesha baiskeli isiyojua kupumzika. Nikashika breki, lakini waya, uliokuwa umekunywa maji ya theluji iliyoyeyuka sebuleni karibu na kipasha joto, ulikuwa umeganda ndani ya mpira wake, na mkono wa breki haukusogea zaidi ya adabu. Kwa gia yangu ile, kila mzunguko wa pedeli ni mita nne hivi, kwa hiyo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa miguu yangu ilitakiwa kuzunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika, na ninaweza kuthibitisha kwamba ilizunguka, ingawa mimi sikuhusishwa katika uamuzi huo. Bibi mmoja mwenye baiskeli ya matairi manene alikuwa akipanda kutoka upande wa pili. Aliiona miguu yangu, akaniona uso, na tulipopishana akanipongeza kwa juhudi.

Chini ya daraja njia inapinda. Mimi sikupinda. Trekta la theluji lilikuwa limeacha rundo la kimo cha mtu pembeni, na nililiingia hadi kiunoni, baiskeli ikitangulia. Nilipojichomoa niliona nimepoteza kofia na kifuniko cha chupa, lakini chai iliyobaki ilikuwa bado ya moto, na safari hii niliinywa. Kisha nikaisukuma baiskeli hadi kazini, huku pedeli zilizogoma kusimama zikinipiga ugoko kwa kila hatua.

Jumamosi niliipeleka karakana. Mzee wa ndevu nyeupe aliing'oa friwili, akafungua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu. Mlikuwa na uji wa rangi ya hudhurungi, mzito, wenye utando juu. Akaunusa. Akauliza ni grisi ya aina gani, na kama inapatikana madukani. Nilimweleza yote tangu mwanzo, naye akasikiliza bila kukatiza, kisha akaosha friwili hadi ikawa kavu, akatia matone machache ya mafuta mepesi yaleyale ya cherehani, akaniambia kwamba hayo hubaki majimaji hata baridi ikizidi ile, na kwamba baiskeli ilale nje, ibaki na baridi yake, ili theluji isiyeyuke na kuganda tena ndani ya nyaya.

Tangu hapo haijagoma. Inalala kibarazani chini ya turubai, na mke wangu amerudishiwa sebule. Baba mdogo nilimsimulia kwa utaratibu habari za mafuta ya cherehani, lakini hakukubali kwamba ushauri wake ulikuwa na kasoro. Kwa maoni yake kuipasha friwili moto kwa chai ilikuwa sahihi kabisa, ila fundi aliyefundishwa vizuri angetumia chai ya rangi.