Kikombe cha Bati na Ufundi wa Kutazama

Kwa miaka mitatu nilijiita mchoraji, na watu wakaniamini. Nilikuwa nachora sura za watu kwa penseli: mteja ananitumia picha kwa WhatsApp, aghalabu ya mhitimu aliyevaa joho au ya wanandoa siku ya harusi yao, nami baada ya siku mbili namkabidhi mchoro uliokwisha kutiwa fremu, unaofanana na picha ile hadi kishimo cha shavuni. Siri ya kazi yangu ilikuwa moja tu. Nilikuwa naipeleka picha kwenye duka la steshenari, inakuzwa na kuchapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya kuchorea, kisha naweka karatasi ya kaboni katikati na kufuatisha mistari yote ya uso kwa kalamu iliyoisha wino; vilivyobaki vilikuwa ni kujaza vivuli na kuvisugua kwa tishu mpaka ngozi ing'ae. Wateja hawakuuliza, nami sikusema.

Siku moja nilipeleka mchoro nyumbani kwa mteja, Temeke. Baba yake, mzee wa miaka 80 hivi, alikuwa amekaa barazani na kofia yake ya mkono. Baada ya shikamoo na marahaba aliutazama mchoro wa mjukuu wake kwa muda mrefu, akanigeukia, akasema, "Mwanangu, basi nami nichore hapa hapa. Picha zangu zote nimetoka nimefumba macho." Ningesema nini? Nikaletewa kigoda, nikakaa mbele yake na penseli yangu, na familia nzima ikakusanyika nyuma yangu kutazama. Nilichora kwa dakika 40. Macho niliyaweka juu mno, karibu yaguse nywele, kwa hiyo kofia ikakosa kichwa cha kukalia na ikawa kama sahani iliyosahauliwa juu ya mtungi. Mzee alipokea karatasi kwa mikono miwili, akaichunguza kwa adabu, kisha akasema, "Huyu ni wa ukoo wetu kabisa, ila sijawahi kukutana naye."

Walicheka, nami nikacheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nafikiria yale macho. Macho ya mtu mzima yako takriban katikati ya kichwa, nusu ya safari kutoka utosini hadi kidevuni. Nilikuwa nimefuatisha mamia ya nyuso, kila moja ikiwa na macho pale pale katikati, na bado jambo hilo halikuwa limeniingia. Kaboni ilikuwa inalijua kwa niaba yangu.

Hapo ndipo ulipo ubishi wangu na njia za mkato katika uchoraji. Watu wengi wanaozilaumu huzilaumu kwa sababu za uadilifu, kwamba ni udanganyifu, kwamba mteja anauziwa kitu kisicho na jasho. Mimi silaumu kwa sababu hiyo; mteja aliyetaka picha inayofanana na mwanawe alipata alichokitaka. Aliyeibiwa nilikuwa mimi. Ustadi wa kuchora unakaa machoni zaidi kuliko mkononi, na jicho hujengwa kwa namna moja tu ninayoijua: unakadiria, unakosea, unapima, unaona umekosea kwa kiasi gani na upande upi, halafu unachora tena. Ukifuatisha, huna cha kukadiria, kwa hiyo huna kosa, na pasipo kosa hakuna kinachokufundisha.

Nilianza upya kwa kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu uliobanduka, kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani na hakikuwa na haraka ya kuondoka. Nilidhani ningekimaliza kwa wiki moja. Kilinichukua zaidi ya miezi miwili, na hata leo nikitaka kuupasha mkono joto hukirudia.

Ugumu wa kikombe ni kwamba tayari unakijua. Unajua mdomo wake ni duara, basi mkono unachora duara lililo wazi mno, kana kwamba unakichungulia kutoka darini. Unajua kitako chake kimelala mezani, basi unakichora kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Matokeo yake ni kikombe ambacho juu kimetazamwa na ndege na chini kimetazamwa na mende. Mtoto anayechora nyumba, mnazi na jua kwenye kona ya karatasi anafanya kosa hilo hilo, anachora anachokijua badala ya anachokiona, ila yeye ana ruhusa.

Dawa yake ni kupima. Unanyoosha mkono mpaka kiwiko kisikunjike, unafumba jicho moja, unaishika penseli kwa ulalo mbele ya kikombe na kutia alama ya upana wa mdomo kwa kucha ya kidole gumba. Kisha unaigeuza wima, unaona kimo cha ule mdomo kinaingia mara ngapi katika upana wake. Katika mchoro wangu wa kwanza kimo kilikuwa karibu nusu ya upana. Nilipopima, hakikufika hata moja ya tano. Nilipima tena nikidhani penseli imeteleza. Haikuwa imeteleza. Mdomo wa kikombe ulikuwa duaradufu nyembamba kabisa, karibu kufumba, na mimi nilikuwa nimekunywa chai humo kwa miaka bila kuuona. Baada ya hapo nikagundua jambo jingine lililonifurahisha kuliko linavyostahili: mviringo wa kitako ni mnene kidogo kuliko wa mdomoni, kwa kuwa kitako kiko chini zaidi ya usawa wa jicho na jicho linakitazama kwa kukiinamia zaidi. Kishikio nacho kilinishinda mpaka nilipoacha kukichora na kuanza kuchora lile tundu lililo kati yake na kikombe. Tundu halina jina wala sura unayoikumbuka, kwa hiyo akili haiwezi kukudanganya kulihusu. Unalichora kama lilivyo, na kishikio kinajitokeza chenyewe.

Ninaeleza kwa urefu kwa sababu neno "mazoezi" husemwa kijuujuu. Mtu huambiwa afanye mazoezi kila siku, naye anachora jicho lile lile la kupendeza lenye kope ndefu mara 200, analolijua kwa moyo, na anashangaa haendi mbele. Kurudia bila kulinganisha na kitu kilicho mbele yako ni kukariri makosa. Na subira ninayoizungumzia haina maana ya kuchora polepole. Sehemu kubwa ya mazoezi yangu sasa ni michoro ya nusu dakika, ya watu waliosimama kituo cha daladala, ambapo unapata uti wa mgongo, mteremko wa mabega na mguu uliobeba uzito, basi. Daladala ikifika, mchoro umekwisha. Subira iko katika kukubali kwamba ukurasa mzima wa michoro hiyo unaweza usiwe na hata mmoja wa kumwonyesha mtu, na kesho yake ukafungua ukurasa mwingine.

Nitaulizwa kama nakataza vifaa vyote. Hapana, na historia ya uchoraji isingeniunga mkono. Leonardo da Vinci alimshauri anayejifunza achore kitu mara nyingi mpaka aamini amekihifadhi, kisha akichore bila kukitazama, halafu aweke juu ya mchoro wake kioo chembamba kilichofuatishwa kitu hicho hicho, aone ni wapi mistari haikupatana. Alikuwa mkali kwa waliofuatisha kwa kioo pasipo kuweza kuchora bila hicho kioo. Kifaa ni kile kile. Kwa mmoja ni msahihishaji, kwa mwingine ni mkongojo. Vincent van Gogh naye, aliyeamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, alianza kwa kunakili karatasi za mazoezi za Charles Bargue, akazirudia zaidi ya mara moja. Mwaka 1882, akiwa The Hague, alijitengenezea kiunzi cha mbao chenye nyuzi zilizokingama, akawa anakisimika mchangani kwa vigingi vyenye ncha za chuma na kuitazama pwani kupitia humo. Aliandika kwamba mazoezi ya muda mrefu ya kiunzi hicho humwezesha mtu kuchora kwa kasi ya radi. Kasi ilikuja, lakini ilikuja nyuma ya mazoezi.

Kunakili kwenyewe kuna mjadala wa kwetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere na ambaye ni miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, amejulikana kwa kauli yake kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Ninamheshimu sana na ninadhani ninaelewa alichokikemea, yaani soko la sanaa ambamo twiga mmoja anazaa twiga elfu moja wa kuuzia watalii. Hata hivyo, siwezi kuikubali kauli hiyo yote. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kupaka rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, yaani ubao wa kubanwa, vijana waliomzunguka, wengi wao jamaa zake, walijifunza kwa kukaa kando yake na kumwiga. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze, na kama si wale waigaji jina lake huenda tusingelijua. Kuiga kwa jicho, ukiwa umekaa kando ya fundi, ukiona jinsi brashi inavyobeba rangi na mahali mkono wake unapoegemea, ni kutazama. Na kutazama ndiko ninakokutetea. Anayeiga hivyo bado anakadiria na bado anakosea.

Kuhusu programu za akili mnemba, ambazo siku hizi unaziandikia sentensi moja zikakuletea picha iliyokamilika, sina mengi. Ni kaboni yangu iliyopata umeme. Kinachonikera zaidi ni matangazo ya mafunzo yanayoahidi kumgeuza mtu kuwa mchoraji hodari kwa siku 7, kwa kuwa akishindwa siku ya nane hujilaumu mwenyewe na kusema hana kipaji. Nimekutana na watu wazima wengi waliokwisha kujihukumu hivyo, na ninapowauliza walichora vitu vingapi kabla ya kukata tamaa, jibu mara nyingi huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kuna pingamizi moja ninaloliona kuwa la haki. Kijana anayeishi kwa kuchora sura za watu ana kodi ya chumba, na mteja wake anataka mchoro Jumamosi, kabla keki haijakatwa. Ukimwambia akae na kikombe kwa miezi miwili, atakuuliza nani atamlisha. Simwambii aache kazi. Mimi mwenyewe kazi za wateja bado ninazipimia kwa miraba iliyochorwa juu ya picha, nami nawaambia hivyo wanaouliza. Kaboni nimeiacha, kwa sababu miraba angalau inakulazimisha ukadirie kila mstari unapoingilia na unapotokea. Ninachomwambia ni kwamba atenge nusu saa kwa siku ambayo hakuna mteja anayeilipia, achore kitu kilichopo mbele yake, chenye pande zote, kinachopigwa na mwanga wa kweli. Gharama yake ni daftari lisilo na mistari na penseli ya 2B. Tishu aiache, kivuli kilichosuguliwa huficha makosa ya umbo, na mistari iliyoachwa wazi inakuonyesha ulichokuwa unafikiri. Aandike tarehe chini ya kila ukurasa, kwa kuwa maendeleo ya uchoraji ni ya taratibu kiasi kwamba usipokuwa na ushahidi utaapa umesimama pale pale.

Daftari langu la sasa ni la tisa. Wiki iliyopita nilikwenda soko la samaki la Feri alfajiri, nikasimama karibu na meza za kupalia samaki, mahali ambapo hakuna anayekaa tulivu hata sekunde kumi na ambapo maji ya magamba hukurukia karatasini. Nilimchagua kijana mmoja aliyekuwa anamparua changu, nikachora mkono wake wa kushoto tu, ule ulioshika samaki kichwani. Katika michoro 14 ya asubuhi ile, mmoja una vidole vinne vilivyokaa vizuri, vinakaza kweli, unaona hata jinsi ngozi inavyovutika kwenye viungo. Kidole gumba kimetoka kama ndizi. Kijana alichungulia, akacheka, akaniuliza kwa nini nisimpige picha nikachorea nyumbani. Nilimwomba ashike samaki mwingine.