Saa 8 asubuhi

Mwezi uliopita nililetewa kipeperushi cha kliniki ambacho mashine ilikuwa imeshakitafsiri. "Pitia tu," mteja aliniandikia, "Kiswahili chake kiko safi." Kweli kilikuwa safi. Ngeli zilikaa sawa, sentensi zilitiririka. Ila mstari wa 6 ulimtaka mgonjwa afike "saa 8 asubuhi". Kiingereza kilikuwa 8 am, yaani saa mbili. Atakayeishika ile nane atafika mchana, foleni imeshafungwa.

Hapo ndipo kupima mashine hizi kunaponipa taabu. Za zamani, kabla Google haijaanza kuhamia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutafsiri kwa mifano mingi, mwaka 2016, zilikosea waziwazi: unasoma, unacheka, unafuta. Za leo zinakosea kwa ufasaha. Navyo vipimo vya kompyuta vinavyozipa tafsiri alama havitusaidii sana. BLEU, kilichotolewa na watafiti wa IBM mwaka 2002, huhesabu maneno na mafungu ya maneno yanayolingana na tafsiri ya binadamu. Kwacho, 8 mahali pa 2 ni kosa dogo sawa na lolote. Tena kinatuonea: "ameshafika" na "amekwishafika" kinayaona maneno mawili yasiyojuana. Kipimo cha chrF cha mwaka 2015, kinacholinganisha herufi, kingeuona huo undugu. Saa ya Waswahili nacho hakiijui.

Siisingizii mashine. Mwongozo wa pampu ya maji wa kurasa 80, "kaza skrubu" ikijirudia hadi unaiota, nausukuma kwa siku chache badala ya wiki mbili. Inanipa rasimu, nabaki nahangaika na istilahi. Wenzangu wanaoapa hawaigusi kamwe, nahisi wanaigusa usiku.

Ugomvi wangu ni bei. Anayesema "pitia tu" hulipa nusu ya bei ya kila neno, akiamini kazi imeshafanyika. Kwenye pampu, punguzo ni haki yake. Kwenye dozi na miadi, hapana: ule ukurasa mmoja nilisoma Kiingereza na Kiswahili sambamba, tarakimu kwa tarakimu, na muda uliokwenda ni karibu ule ule wa kuutafsiri mwenyewe. Ufasaha wenyewe ndio unaochosha, maana jicho halipati pa kujikwaa.

Siku hizi kazi za "pitia tu" natoza kwa saa, si kwa neno. Mteja wa kipeperushi alilalamika. Nikamtumia mstari wa 6 bila maelezo, akanyamaza kidogo, kisha akauliza nitume ankara lini.