Mtandio wa Rangi za Shule

Ndugu zangu, mimi ni fundi sweta hapa Njombe, na kama hujawahi kuamka Njombe mwezi wa saba, usinieleze habari za baridi. Kazi yangu ni sweta za shule. Mashine ikimaliza moja, hubaki kidonge cha uzi. Hakitoshi hata shingo ya mtoto wa chekechea, lakini kukitupa roho inauma. Natia kwenye kiroba. Miaka sita sasa, kiroba kimefura: kijani, damu ya mzee, bluu, njano, kijivu.

Mama Tumaini akasema, "Baba Tumaini, panya amezalia humo. Ama kitoke kiroba, ama nitoke mimi."

Nikamwambia nitamfumia mtandio. Tena si wa mashine, wa mkono, ule wa kimia wenye matundu matundu. Bure kabisa! Hilo neno bure ndilo lililoniponza.

Kwanza sindano. Spoku za baiskeli ni nyembamba, matundu yangeziba, kwa hiyo nikachonga vijiti viwili vya mwanzi, mwanzi huuhuu unaotupa ulanzi. Nikaanza na vitanzi 90. Katika kila vitanzi 18 unaunganisha viwili viwili mara tatu, halafu unazungusha uzi na kufuma kimoja, mara sita, halafu unaunganisha tena viwili viwili mara tatu. Kila ukizungusha uzi unapata tundu, lakini unapata na kitanzi cha ziada. Usipokilipa kwa kuunganisha, mtandio unanenepa. Yaani ni deni! Mtu nadaiwa dukani, nadaiwa kwenye kikoba, na sasa nadaiwa na mtandio. Naingia mstari na 90, natoka na 93. Mteja akipiga hodi, 88. Na kitanzi cha kimia kikiteleza hakishuki peke yake, kinaondoka na ukoo mzima. Ikabidi nipitishe uzi mwembamba kwenye mstari uliosalimika, ili nikikosea nifumue hadi hapo tu.

Michirizi 40. Kila mmoja una ncha ya kuanza na ya kumalizia, kwa hiyo ncha 80 za kuficha, moja moja, kwa sindano ya magunia. Macho haya!

Sufu ya kondoo ungeilowesha, ukaivuta kwa pini, ikakauka imenyooka. Uzi wetu wa sweta ni akriliki, ukikauka unajikunja kama haukusikia. Nikaufunika kitambaa kibichi nikapitisha pasi juujuu. Pembe moja imeyeyuka. Tusiiongelee.

Jumapili Mama Tumaini akajitanda, twende kanisani. Alipendeza, sikatai. Wakati wa matangazo nikasikia nyuma yangu: "Huo mchirizi wa kijani si uzi wa sweta ya Upendo wangu? Fundi, si ulisema uzi haujatosha, nikaongeza elfu tatu?"

Mwingine akadakia: "Na damu ya mzee ni wangu. Ndiyo maana mikono ilikuja mifupi!"

Nikasema huu ni uzi wa dukani, jamani, kila fundi anao. Nani asikie? Mtu akiona kitu chenye rangi ya sweta ya mwanawe anaona kimekatwa kwenye mgongo wa mtoto. Tulipotoka nje walikuwa wamenizunguka, wanaonyeshana michirizi kwa vidole. Mikutano ya wazazi shuleni hawaendi, huu wamefika wote, hata wa madeni ya mwaka juzi.

Nyumbani nikajua nimepona. Namkuta Mama Tumaini ameutandaza kitandani, kidole kinatembea mchirizi kwa mchirizi.

"Kijani naijua. Bluu ni ya kule mlimani. Njano ya hapo sokoni. Na hii pinki, Baba Tumaini, ni ya shule gani?"

"Ile ilikuwa sweta ya kichanga, mama."

"Kichanga cha nani?"

Nikaenda mbio kuchukua daftari la oda. Panya walikuwa wamekula kuanzia Januari hadi Juni.