Yasmin anavuta au anavutwa?

Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano, Yasmin wa Vuta N'kuvute ni jibu la mtihani. Swali linauliza nafasi ya mwanamke, unaandika "jasiri, mwanamapinduzi, amepinga ndoa ya kulazimishwa", unachukua alama zako na kitabu unakifunga. Nami niliandika hayo hayo. Nilipokirudia bila mtihani mbele yangu, nikaona kwamba wanaomsema Yasmin nao wana la kusema.

Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, lakini Unguja yake ni ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkana, na anayempokea ni shoga yake Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, upande wa mji walikoishi Waafrika wengi, asiye na mali ila mlango wake uko wazi na taarab haimtoki mdomoni. Ni huko anakozoeana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, anayepinga ukoloni, na ambaye Inspekta Wright wa polisi hampi nafasi ya kupumua.

Wanaolaumu wanasema siasa zote humo ni za kina Denge. Wao ndio wanaokutana kwa siri, wao ndio wanaosakwa. Yasmin kazi yake kungoja, moyo juu. Tena mwandishi hachoki kumsifu uzuri, uso na nywele na macho, hata msomaji anajiuliza tumeitwa kumjua au kumtazama. Hapo siwezi kuwabishia.

Ila tuangalie nini kilitangulia nini. Yasmin anatoka kwa Raza kabla hajamjua Denge. Hakuna mwanasiasa aliyemfungua macho. Na serikali ya kikoloni iliwahesabu watu wa Unguja kwa asili zao: huyu Mwarabu, huyu Mhindi, huyu Mwafrika. Mji Mkongwe na Ng'ambo zilikuwa dunia mbili, japo kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Binti wa dukani kuvuka upande ule na kulala kwa Mwajuma ni jambo ambalo ukoo mzima uliona aibu. Kama hiyo si siasa, sijui tuiite nini. Polisi nao waliliona hilo mapema kuliko wahakiki wetu, maana walimtaka awe jicho lao kwa Denge. Akakataa.

Mimi dosari naiona kwingine. Riwaya inauchora ugomvi kuwa baina ya mkoloni na mtawaliwa, basi. Wazee wa Unguja wakisema "zama za siasa" hawamkumbuki Mwingereza peke yake. Wanakumbuka vyama hasimu vya Hizbu (ZNP) na Afro (ASP), majirani walioacha kuzikana, na ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 zilizoua watu 68. Baadaye, mwaka 1970, wasichana wanne wenye asili ya Iran waliozwa kwa nguvu wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na hoja iliyotolewa ilikuwa kuchanganya damu. Mwandishi hakuwa mgeni wa mambo hayo. Yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini baada ya Karume kuuawa mwaka 1972, na Haini, riwaya yake ya 2003, inatokana na masaibu hayo.

Kwa hiyo ninapomwona Yasmin akimpenda Denge, Mwafrika, kwa hiari yake, siwezi kuwasahau wale wanne. Sidai kwamba mwandishi aliwakusudia. Lakini msomaji wa Visiwani hafungui kitabu hiki akiwa mtupu wa kumbukumbu, na kukaa kimya kuhusu ubaguzi wetu wenyewe kwa wenyewe kumeifanya hadithi iwe tamu kuliko ilivyostahili.

Mwishoni siasa zinamchukua Denge, na Yasmin anaolewa na Bukheti, yule jirani wa Mombasa aliyemtendea wema tangu akiwa bado mke wa Raza. Wapo wanaosema hapo ndipo mwandishi alipomrudisha jikoni. Mimi naona mtu aliyechagua, safari hii bila mjomba wala mahari ya kupangiwa. Mwanzo aliozwa, mwisho ameolewa. Vitenzi viwili tofauti, ingawa vyote bado viko katika kauli ya kutendwa, na hilo Shafi asingeweza kumrekebishia.