Kadi ya mtandao ipewe jina la kazi yake

Jumatatu alfajiri nilipanda Coaster kutoka Arusha hadi Moshi, kilomita 80, kwa sababu ya tarakimu moja.

Kuna shule pale ambayo seva yake naiangalia mimi. Inatumia Linux. Mwishoni mwa wiki iliongezewa diski ya NVMe, ile inayochomekwa kwenye njia za PCI, na fundi aliifunga vizuri tu. Ilipowashwa, maabara nzima haina intaneti. Mwalimu wa kompyuta akanipigia: "Kaka, nyaya zote tumebadilisha, taa zinawaka kijani, bado."

Nyaya hazikuwa na kosa. Seva ile ina kadi mbili za mtandao: enp2s0 ya kwenda nje, enp3s0 ya maabara. Tarakimu baada ya p ni namba ya njia ya PCI, yaani njia inayounganisha vifaa na ubao mkuu wa mashine, na namba hizo huhesabiwa upya kila mashine inapowaka. Diski mpya ikakaa mbele, kadi zikasogea: ya nje ikawa enp3s0, ya maabara enp4s0. Yaani jina la kadi ya ndani limehamia kwenye kadi ya nje, na mipangilio ikalifuata jina!

Hili ndilo linaloniuma. Systemd 197, toleo la programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, ilipotuletea majina haya mwaka 2013, tuliambiwa yanatabirika. Yanatabirika mradi hakuna anayefungua kasha, na huku kwetu makasha yanafunguliwa: kifaa kinatolewa huku, kinatiwa kule, ili mashine iishi mwaka mwingine.

Nakubali, eth0 na eth1 za zamani zilitutesa pia. Kadi iliyotambuliwa kwanza na kerneli, kiini cha mfumo, ndiyo iliyochukua sifuri. FreeBSD, mfumo mwingine wa kompyuta, huita kadi kwa draiva yake, yaani programu inayoiendesha, em0 au re0, nako ukibadili aina ya kadi jina linaondoka nayo.

Jina litoke kwa anayeitunza mashine. Kwenye netplan, faili la mipangilio ya mtandao, nimezitambulisha kadi kwa anwani ya MAC, namba ambayo kila kadi hutoka nayo kiwandani, kisha nikazipa majina kwa set-name: moja "ndani", nyingine "nje". Linux inapokea jina la hadi herufi 15. Ila usichague eth0, maana kerneli yenyewe huligawa wakati wa kuwaka na mtagongana. Kadi ikiungua, ndiyo, MAC itabidi ibadilishwe kwenye faili. Ni mstari mmoja, namwelekeza mwalimu kwa simu.

Siku ile mwalimu aliandika ip a, amri ya kuorodhesha kadi, akasoma, akasema, "Kumbe hii ndiyo ya maabara." Tukabandika plasta nyuma ya seva, juu ya kila tundu, tukaandika kwa kalamu nene: NDANI, NJE.