Wavutaji wa harusini

Kwenye kamati ya harusi usiulize swali. Kunywa soda yako, taja ahadi yako, nenda kwako. Ukithubutu tu kusema, "Hivi hizo siga zitanunuliwa wapi?", mwenyekiti anakutazama kwa upendo mkubwa na kutangaza, "Huyu anaonekana anaelewa, tumkabidhi." Makofi. Katibu kashaandika. Mimi nauza nyavu na maboya pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Moshi ninaoujua ni wa samaki wa kubanika.

Chanzo ni bwana harusi. Kaona picha mtandaoni, vijana wamevaa suti za buluu, mguu mmoja juu ya mwamba, kila mmoja kabana mdomoni siga, ile sigara nene ya kahawia inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Naye akataka ya kwake, Capri Point, kando ya ziwa, Jiwe la Bismarck lionekane nyuma. Picha nzuri, sikatai. Ila nilipouliza kati ya wapambe wake nani anavuta, kila mtu akaanza kukagua dari. "Mi navuta kidogo, nikishapata mbili tatu." "Mi huwa navuta harusini." "Mi navuta ya kuomba."

Huyu wa kuomba ndiye mtu ghali kuliko wote. Mvutaji wa kila siku anajua kiasi chake na sigara yake ananunua mwenyewe, moja moja, dukani kwa Mangi. Mvutaji wa harusini anasubiri ya bure, na akiipata anaikomoa.

Kamati ikaanza kunishauri. Kushauri hakuna mchango. Mweka hazina akasema, "Tumbaku si tunalima wenyewe? Tabora hapo, Urambo hapo. Nina shemeji yangu kule, atusokotee." Nikaenda kwa mzee mmoja jirani yangu, baharia mstaafu wa meli za nje, ndiye mtu pekee mtaani kwetu aliyewahi kuvuta siga bila kupigwa picha. Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba tumbaku inayolimwa sana kule ni ya Virginia, inakaushwa kwa joto la moto kwenye mabani, vile vijumba vya kukaushia, ni ya sigara za kawaida. Jani la siga linakaushwa kwa hewa, polepole, likining'inia bandani, kisha linapangwa mirundo lichachuke kwa miezi. Halafu siga yenyewe ina matabaka: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la juu la kuivalisha, ambalo ndilo zuri na ndilo la bei. Nikarudi kikaoni nikayaeleza yote hayo. Mweka hazina akasikiliza kwa makini, akauliza, "Sasa ukitoa hilo la juu inabaki shilingi ngapi?"

Mzee ndiye aliyenipa moyo kidogo. Kumbe sikuanza mimi. Mwaka 1962 Rais Kennedy wa Marekani alimwita msemaji wake, Pierre Salinger, jioni, akamwambia anataka siga za Cuba elfu moja kesho asubuhi. Salinger mwenyewe ndiye aliyesimulia. Akazunguka usiku, akarudi na 1,200. Kennedy kusikia hivyo akafungua droo, akatoa karatasi ya kupiga marufuku bidhaa za Cuba, akasaini. Mtu kahangaika mji mzima! Nahisi Salinger naye aliuliza swali kikaoni. Lakini angalau yeye bosi wake alikuwa anavuta kweli, na hakuna mahali niliposoma kwamba alidaiwa risiti.

Basi tukaja kwenye kuchagua. Bwana harusi akataka zile ndefu. Kuna aina inaitwa Churchill, kwa jina la yule waziri mkuu wa Uingereza, urefu wake inchi 7. Ukiivuta kistaarabu unamaliza saa nzima na zaidi. Ratiba ya MC imetoa dakika 20 za picha, na humo mna za wazazi wa pande zote mbili, za kwaya, na za yule baba mdogo wa Sengerema ambaye tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hana tena kivuko cha kusingizia, anafika mapema na anataka awe kwenye kila picha. Ya inchi 7 ataimaliza nani? Itatupwa ziwani ikiwa na inchi 6, na kila inchi imetoka kwenye mchango wa mtu. Robusto ni inchi 5, lakini nene, karibu sentimita 2. Kwa mtu asiyezoea ni kazi ya kutwa.

Mzee akasema chukua petit corona. Fupi kidogo, nyembamba kidogo, nusu saa imekwisha. Na chukua laini, zenye jani la juu la rangi hafifu, lile la Connecticut, Marekani, linalolimwa chini ya vivuli vya kitambaa, na ndani tumbaku ya Jamhuri ya Dominika. Za Nikaragua mara nyingi zina nguvu, waachie wenyewe. "Hao vijana wako," akaniambia, "hawataki ladha. Wanataka wasianguke."

Nenda sasa ukazitafute. Duka la kwanza walikuwa nazo, zimekaa dirishani zinapigwa jua kutwa nzima pembeni ya miwani. Nikaibinya moja taratibu kama nilivyofundishwa. Siga nzima inabonyea kidogo na kurudi. Hii ikalia kwachu. Muuzaji akanikazia macho, "Ukiivunja umenunua." Nje nikakutana na kijana mwenye boksi la mfuniko wa kioo, eti za Cuba, zimeletwa na rubani. Bei ya boksi zima ilikuwa ndogo kuliko bei ya moja. Nikamuuliza rubani huyo anatua wapi. Akasema ananifahamu, mimi si mtu wa kununua.

Mwishowe zikaja kwa basi kutoka Dar, pamoja na kipakiti cha kutunza unyevu. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, ndani ya chombo kinachofunga vizuri, mbali na jua. Nikazipanga kwenye kontena la plastiki la mke wangu, lile lenye mfuniko wa kubana, nikaliweka chini ya kitanda. Mke wangu akalikuta. Kwetu kitu cha bei kinakaa kwenye friji, hiyo ni sheria ya nyumba. Akazitoa, akazifunga kwenye gazeti, akaziweka friji ya chini jirani na dagaa wa Ukerewe, na kontena akalirudisha jikoni. Friji inakausha, na siga inanyonya harufu yoyote iliyo jirani. Asubuhi nikanusa moja. Ilikuwa na Dominika kidogo, na Ukerewe nyingi. Akaniambia, "Si wanapigia picha tu? Picha ina harufu?" Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Siku yenyewe tukatoka kanisani saa kumi jioni, tukaenda Capri Point. Ni lazima iwe nje, maana ukumbini meneja alishatuonyesha tangazo ukutani. Kuna sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003, na yeye hataki kesi kwa ajili ya picha zetu. Sasa mwone mpangilio wa kamati: picha kabla ya chakula. Vijana hawajala tangu chai ya asubuhi, na siga kwenye tumbo tupu haina adabu. Nilisema kikaoni. Haikuandikwa.

Kukata. Siga inakatwa ncha tu, milimita 2 hivi, pale kwenye kikofia chake. Nilikuwa na kikata kimoja. Mpambe mmoja hakusubiri, akang'ata, akatema, jani la juu likaanza kujifungua lenyewe mkononi mwake. Akalilamba, akalibandika, likafunguka. Mwingine akachukua kisu cha mpiga picha akakata katikati, eti apate mbili.

Kuwasha. Jioni upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, kila mvuvi anajua hilo, ila mpiga picha si mvuvi. Aliwapanga wapambe upande wa ziwa na maharusi upande wa nchi. Njiti zikazimika moja baada ya nyingine. Mmoja akachomoa kiberiti chake cha petroli, nikampigia kelele maana siga inabeba ladha ya petroli mpaka mwisho. Akaniambia bora petroli kuliko dagaa. Zilipowaka zote, moshi ukaondoka kwa umoja na mshikamano ukaingia kwenye shela la bibi harusi. Mama mkwe hakusema kitu. Alisogea mbele akasimama mbele yangu mimi, nisiyevuta.

Nilikuwa nimewaambia wasimeze moshi. Siga ni ya mdomoni. Nikotini yake inapita kwenye ngozi ya kinywa, mapafu hayahusiki. Unavuta kidogo, unaonja, unaachia, unasubiri dakika. Shemeji yake bwana harusi, yule wa kuomba, akaivuta mpaka viatuni. Akavuta tena kabla ya kamera. Mara ya tatu nikaona jasho limejipanga kwenye paji la uso, midomo imepauka, akaniuliza kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha, "Kaka, hili jiwe linacheza?" Tukamketisha kivulini, tukampa soda yenye sukari na andazi la baba mdogo wa Sengerema, ambaye alikuwa ametembea na chakula chake. Picha ya pamoja ikapigwa bila yeye. Baba mdogo akachukua nafasi yake, na siga yake.

Juzi tulikuwa na kikao cha kuvunja kamati. Mweka hazina akasoma mapato na matumizi, siga zimeandikwa chini ya "Mapambo". Picha zikapitishwa mkono kwa mkono. Shemeji akaiangalia ile ya mwambani muda mrefu, akanyoosha kidole, na wote tukajua harusi yake ni mwezi wa kumi na mbili.

"Mimi kwangu," akasema, "tuchukue zile ndefu."