Wabunge nao watibiwe kwa SHA?

Mshahara ukiingia, asilimia 2.75 huwa imeshakwenda SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya. Karani wa kaunti anakatwa, mlinzi wa usiku anakatwa, na mbunge naye anakatwa. Huyu wa mwisho watu humsahau, wakidhani waheshimiwa walijitoa kwenye sheria waliyoipitisha 2023. Hawakujitoa. Mwenye mshahara wa zaidi ya shilingi 700,000 anatoa karibu 20,000 kila mwezi, ilhali enzi za NHIF, bima iliyotangulia SHA, makato yaliishia shilingi 1,700 hata uwe tajiri vipi. Kwenye kulipa, mbunge kabanwa kuliko wengi wetu.

Tofauti huanza mtu akiugua. Mbunge na familia yake wana bima nyingine inayogharimiwa na Bunge, maana yake na mlipa kodi, kwa viwango vya SRC, tume ya mishahara na marupurupu ya watumishi wa umma: shilingi milioni 10 za kulazwa, 300,000 za matibabu ya kwenda na kurudi, 150,000 za uzazi, 75,000 za meno na 75,000 za macho. SHA hulipa 10,000 mama akijifungua kwa njia ya kawaida, na 30,000 akifanyiwa upasuaji. Kwa saratani, mpango ulipoanza Oktoba 2024 ulitenga shilingi 550,000 kwa mwaka, tena kwa kaya nzima, si kwa mgonjwa mmoja. Aliyewahi kumpeleka mzazi kupigwa mionzi anajua pesa hizo zinakata lini.

Kwa hiyo ile kauli ya mitandaoni kwamba wabunge "waishi chini ya sheria yao" inafaa kunyooshwa kidogo. Chini yake wapo. Kinachobishaniwa ni kama hazina ya umma iendelee kuwanunulia njia ya kuikwepa siku ya shida.

Wamarekani walishalijaribu jambo hili, na hawakulijaribu kwa nia safi. Mwaka 2009, mswada wa afya wa Obama ukiwa bado kwenye kamati ya Seneti, Charles Grassley wa Iowa, Mrepublican, alichomeka kifungu cha kuwatoa wabunge na wasaidizi wao kwenye bima ya watumishi wa serikali kuu. Wakanunue kwenye masoko yaleyale ya bima ambayo sheria ilikuwa inawafungulia wananchi. Wademokrat wangekataaje mbele ya kamera? Wakakubali, na Machi 2010 kikawa sheria.

Shida ikatokea kwenye hesabu. Serikali, kama mwajiri, ilikuwa ikiwalipia watumishi wake hadi asilimia 75 ya gharama ya bima, na kifungu hakikusema kama mchango huo ungeendelea. Ilipofika 2013, wenye hofu hawakuwa wabunge sana bali vijana wa ofisini: waandishi wa hotuba, wapokea simu, wasaidizi wa kamati, watu ambao mshahara wao na kodi ya nyumba Washington hupishana kwa nywele. Suluhisho likapatikana kwenye kanuni ya serikali. Mchango uendelee, ila bima inunuliwe kwenye soko la Washington DC lililotengwa kwa waajiri wadogo, wale wa wafanyakazi wasiozidi 50. Bunge zima la Marekani, lenye maelfu ya waajiriwa, likaingia hapo kama duka la mtaani. Seneta David Vitter wa Louisiana alipigana mchango huo ufutwe, akashindwa. Na mle ndani ya Capitol, daktari wa Bunge na zahanati yake hawakuguswa. Mbunge analipa ada ya mwaka na kuhudumiwa.

Anayepinga wazo hili ana haki ya kusimama hapo na kusema: mmeona? Sheria iliwabadilishia kadi, haikuwabadilishia maisha. Mwenye pesa na cheo hutafuta upenyo, na anayeumia ni msaidizi wake.

Ila kisa hakikuishia hapo. Machi 2023 wadukuzi waliiba taarifa za wateja zaidi ya 56,000 wa soko hilohilo la Washington, wakiwemo wabunge na familia zao. Spika wa wakati huo, Kevin McCarthy wa Republican, na Hakeem Jeffries, kiongozi wa Wademokrat kwenye Baraza la Wawakilishi, mahasimu wasioafikiana hata juu ya hali ya hewa, waliandika barua moja kwa pamoja kudai maelezo. Na kabla ya hapo, 2017, mswada wa Warepublican wa kuibomoa sheria ya Obama ulionekana umewabakishia wabunge kinga ambazo majimbo yangeweza kuwapunguzia wananchi. Mei 4, siku ileile ya kupiga kura, Baraza la Wawakilishi likapitisha mswada wa pembeni wa kuondoa upendeleo huo kwa kura 429 kwa 0. Mswada wenyewe ulipenya kwa 217 dhidi ya 213. Yote miwili haikutoka Seneti, lakini sikumbuki jambo lingine la afya lililowaunganisha namna hiyo.

Nikirudi nyumbani, hoja inayosemwa sana ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko zote: kwamba mbunge hajui taabu ya mwananchi kwa kuwa hatibiwi anapotibiwa mwananchi. Anajua. Nenda nyumbani kwa mbunge yeyote Jumamosi asubuhi uone walioketi chini ya mti. Huyu ana bili ya hospitali na mgonjwa aliyezuiliwa wodini. Yule maiti ya baba yake haitoki mochari mpaka deni lipungue. Mwingine kaambiwa SHA yake haisomi kwa sababu hajalipa mwaka mzima kwa mkupuo, na yeye ni wa bodaboda anayehesabu pesa kwa siku. Kwa asubuhi moja kama hiyo mbunge hupata ripoti kamili kuliko waziri. Februari 2025, hospitali za kibinafsi chini ya muungano wa RUPHA ziliposimamisha huduma za SHA zikidai hazijalipwa, simu za kwanza ziliwaendea haohao.

Kinachokosekana ni haraka. Tena kuna ukweli mchungu zaidi: bili ya hospitali ni mtaji wa siasa. Mbunge akitoa 20,000 kwenye harambee ya matibabu anatajwa kwenye kipaza sauti, na familia haimsahau siku ya kura. Bima ikifanya kazi sawasawa, nani atamshukuru? Kadi haina jina la mtu. Sisemi wanakaa vikao kuiua SHA. Nasema hakuna kinachowasukuma usiku kucha waitengeneze.

Je, wakitibiwa nayo wao wenyewe, msukumo utakuja? Kwa kiasi. Nina wasiwasi wa aina mbili. Mosi, mbunge anayelazwa kwa kadi ya SHA hatalazwa Lodwar, kaskazini kabisa. Atalazwa Nairobi, kwenye hospitali kubwa, na kwa wadhifa wake atapata kitanda chake peke yake. Presha atakayoipiga itaboresha ghorofa hiyo moja. Zahanati isiyo na dawa haimhusu, kwa kuwa hata angekuwa na kadi ya mama mboga hangepita hapo. Pili, kuna wanaotaka mbunge apigwe marufuku kabisa kukanyaga hospitali ya kibinafsi. Hilo ni hasira, si sera. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na mbunge, tupende tusipende, ni mtu. Akitaka kutibiwa popote kwa pesa ya mfukoni mwake, aende.

Pesa ya mfukoni mwake, narudia. Hapo ndipo utetezi wao unapolegea. Husema bima ni stahili ya kazi kama kwa mwajiriwa yeyote, na kwamba viwango viliwekwa na SRC, si na wao. Kweli yote mawili. Lakini mwajiri wa mbunge ndiye mwajiri wa mwalimu, na mwishoni mwa 2025 walimu wa TSC, tume inayowaajiri walimu wa serikali, walitolewa kwenye bima ya kampuni za kibinafsi na kuhamishiwa SHA, chini ya mfuko wa watumishi wa umma wenye huduma pana kuliko kadi ya kawaida. Kama mfuko huo unamfaa mwalimu wa Garissa mwenye watoto, sioni ni ugonjwa gani wa kipekee unaompata mbunge usioweza kutibiwa nao. Hiyo si kumshusha hadi kwenye 10,000 za kujifungua. Ni kumweka alipo mtumishi mwenzake, ambako hospitali ikikataa kadi, inawakatalia wote wawili siku moja.

Wasaidizi wa ofisi za wabunge wasiingizwe kwenye ugomvi huu. Marekani imeonyesha wao ndio hubanwa kwanza, na bungeni kura hawapigi.

Njia ya kulifanya haihitaji hata mswada, maana Bunge haliwezi kutarajiwa kujipunguzia. Viwango vya Bunge hili SRC ilivitangaza Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, ikafuta humohumo marupurupu ya kuketi kwenye vikao vya Bunge zima, na waheshimiwa wakafoka. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Tume ikiigusa ile milioni 10 kabla ya hapo, itakuwa inawagusa watu ambao bado wanaomba kazi, si walioapishwa wanaoweza kudai wamenyang'anywa.